Mashine ya Zawadi Ina Homa

Jumatatu, 3 Februari

Nimesaga mchele, nimekoroga unga wa vitumbua, nimeuweka kando ya kompyuta ya Zawadi. Adhuhuri haijafika, umeshaumuka. Lile sanduku lina joto zuri siku hizi. Linashinda jua.

Zawadi ni mjukuu wangu. Anaediti video za harusi hapa sebuleni. Shule sijaenda hata mlangoni. Kuandika kanifundisha yeye, kwa hiyo naandika, asije akasema alipoteza muda wake.

Jioni nimerudi kutoka kuuza, nimekuta kile kitambaa nilichoifumia kompyuta kimekaa upande. Tena! Kila nikitoka, nikirudi kimekaa upande. Namshuku paka.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimekomesha. Nimechukua sindano na uzi, kitambaa nimekishonea kwa chini, kimebana kama soksi. Mbele maua mekundu, nyuma majani. Sanduku zima limestirika. Televisheni ina chake, friji ina chake, redio ina chake. Kwa nini hii ndiyo ikae uchi mbele ya wageni?

Zawadi kaangalia. Kafungua mdomo, kaufunga. "Asante, bibi." Kisha kaenda kunywa maji. Huyu maji hanywagi.

Jumatano, 5 Februari

Mashine imezima yenyewe katikati ya kazi. Kaiwasha, ikazima. Ndani feni inalia kama kinu cha kusagia. Zawadi kasema prosesa imepata joto. Prosesa ndiyo ubongo wake. Ikiona inaungua, inajizima isife.

Nimeogopa. Ndani ya mashine hiyo kuna video ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti wa Mama Rehema, jirani wa nyuma. Inatakiwa ukumbini Jumamosi, siku ya harusi. Na leo Juma kapiga simu kutoka Dodoma. Juma ni mwanangu, mjomba wake Zawadi. Anataka mtoto aache michezo, akamsimamie duka.

"Sawa, mjomba. Hii ya Jumamosi ikinishinda, nakuja."

Nimesikia kwa masikio yangu. Sijapenda. Akienda, nitagombana na nani humu ndani?

Nimevuta kigoda, nikaipepea mashine kwa kipepeo changu cha ukili. Zawadi kacheka: "Bibi, unaipepea kama jiko la mkaa!" Nikaacha. Nisije nikaikoleza.

Alhamisi, 6 Februari

Imezima asubuhi. Imezima mchana. Nimeisomea dua. Nimeifukiza ubani. Zawadi kapiga chafya, mashine ikazima.

Unga umeumuka mpaka umemwagika kwenye zulia. Sikufurahi hata kidogo.

Zawadi hajala. Nimemwambia asipokula nitamlisha kwa mkono mbele ya wateja. Kala.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi kaja baada ya swala. Mrisho, wa Buguruni. Kijana mnene, mkoba mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto huyu akihamia Dodoma, mie nahamia kwako Buguruni. Na ninakoroma."

Kashika sanduku. Kaliinamia nyuma. Kauliza, "Nani kaivalisha sweta?"

Zawadi anaangalia dari.

"Mie," nikasema. "Kwani vipi?"

"Bibi, hapa nyuma ndipo inapotolea pumzi. Umeiziba pua na mdomo."

Akaomba mkasi. Sikumpa. Nimekata uzi mwenyewe, mshono mmoja mmoja, maua yasiguswe. Tulipokitoa, nyuma kulikuwa na matundu, yote yamezibwa na nyuzi zangu na vumbi la unga. Mrisho kapuliza, sebule nzima ikawa nyeupe. Kafungua chuma chenye mbavu kinachokaa juu ya prosesa, kafuta dawa ya kupitishia joto iliyokauka, kapaka mpya. Ukiiona utadhani dawa ya meno. Kafunga. Kawasha. Feni ikanong'ona tu.

Hapo ndipo akili ikanijia. Paka hana kosa. Ni Zawadi. Alikuwa anaivua kila nikitoka kuuza, anaivalisha kabla sijarudi, kwa haraka, ndiyo maana inakaa upande. Nilipoishona, akashindwa kuivua.

"Mbona hukusema, wewe?"

"Ulifuma huku mgongo unakuuma, bibi. Ningesemaje?"

Yaani alikuwa tayari kwenda Dodoma kuliko kuniudhi. Nimemwita mjinga. Kisha nimemkumbatia mpaka kalalamika mbavu. Nimempa paka dagaa.

Jumamosi, 8 Februari

Video ilitoka mchana, sisi tukiwa tumeshavaa. Ukumbini Mama Rehema kalia ndani ya video na nje ya video. Watu wakaulizana nani kaediti. Nimesimama kabla hawajamaliza kuulizana. Nimesema mie ndiye bibi yake.

Juma kapiga simu. Nimepokea mie. Nimemwambia duka lake atafute mtu mwingine, huyu ana kazi. Kasema, "Shikamoo, mama." Ndiyo kwanza anakumbuka salamu.

Jumatatu, 10 Februari

Kitambaa nimekifua. Zawadi kakitandika kwenye kiti chake, anakalia maua yangu siku nzima. Sawa tu.

Nimeweka kiganja juu ya mashine. Baridi kama mtungi.

Unga umegoma kuumuka. Nimeutoa nje, juani, nimekaa nao kizingitini. Nyuma yangu Zawadi anabonyezabonyeza. Wateja wa vitumbua leo watasubiri. Mie sina haraka.