Kisahani cha Shangazi

Usicheke. Nakuomba usicheke kabla sijamaliza.

Unaijua ile kompyuta kuukuu ya dukani kwa shangazi, ile inayoganda kila akitaka kuchapa kazi ya mtu? Leo nimeivaa. Nikachomoa RAM zake mbili, vile vibao vya kumbukumbu, nikazipima moja moja. Asubuhi yote! Nikamjua mbaya wangu. Mbovu nikaiweka kushoto kwa kibodi, nzima kulia.

Kabla sijarudisha ile nzima, nikatoka nje kuwapigia watu wa programu ya kuchapia, maana nayo inadai toleo jipya. Jamaa ananijibu kwa raha zake: "Toleo jipya halikubali kompyuta ya zamani hivyo, kaka."

Na la zamani je?

"Hilo hatulihudumii tena."

Yaani!

Narudi ndani nimefura. Meza inang'aa. INANG'AA! RAM zote mbili ziko kwenye kisahani, zimelaliana kama mapacha.

"Nimekupangusia meza, mwanangu. Vumbi lilizidi."

Kwenye kisahani, ndugu yangu! Zinafanana kila kitu. Ningemwambia nini? Shangazi hagombezwi. Na mteja amekaa pale anasubiri ratiba ya mazishi ya baba yake, macho yote kwangu.

Nikamweleza shangazi kwa upole kwamba sasa sijui ipi ni ipi, naanza upya.

Unalijua kopo lake la sukari, lililoandikwa SUKARI kwa wino mwekundu? Alikuwa amelishika.

"Kwani hukuziwekea alama?"