Gemu Uliloniagiza, Baba Rukia

Maskati, Ijumaa baada ya Alasiri

Kwa mume wangu Shee, Baba Rukia,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii imekukuta mzima wa afya, na mikono yako yote miwili iko huru kuishika. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi badala ya kukutumia sauti kwa simu. Sauti zangu wazisikiliza huku vidole viko vitani. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Rukia hajambo? Lile jino lililokuwa likitikisika limeng'oka? Na mamangu, goti lake laendeleaje? Nakuuliza kwa adabu tu, majibu nimeshayapata kwa mama mwenyewe.

Juma lililopita uliniuliza mambo mawili. La kwanza, "Gemu umelionaje?" La pili, mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi baada ya kutoka sokoni, ukaniuliza kama nimeshatia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine hapa kwenye karakana ya kanzu. "Tia tu, miaka miwili si kitu," ukasema. Mwenye karakana anataka jibu langu Jumapili. Haya, nitafuata mpango wako mwenyewe, gemu kwanza.

Gemu lako ni upuuzi, Shee, wallahi tena. Tunaambiwa dunia imekwisha na watu wamekimbilia kwenye nyota. Nimetembea sayari nne, na kila moja ina ukumbi uleule mrefu, taa ileile inayopepesa kama ya choo cha jirani yetu, na makasha yaleyale ya kujificha nyuma yake. Watu wamefika kwenye nyota, lakini hawana jiko! Sikuona sufuria, sikuona kitanda, sikuona hata nguo moja iliyoanikwa. Sasa wanapigania nini? Makasha?

Na huyo shujaa wenu wa chuma. Mimi ni mshonaji, nimelitazama vazi lake mbele na nyuma. Halina mshono, halina kifungo, halina zipu. Aliingilia wapi? Akitaka kutawadha afanyeje? Saa mbili nzima natazama kisogo na makalio ya mwanamume nisiyemjua! Ukanieleza kwamba gemu za namna hii ndivyo zilivyo, lazima umwone mtu wako kwa nyuma, ili uone na kinachomjia pembeni. Sawa. Lakini akigeuka, uso wenyewe hauna hata kovu. Na maneno yake ni matatu tu, "Twende," "Nifunike," na "Bado hatujamaliza." Hilo la tatu nimelisikia mpaka nikawa nalisikia hata kwenye cherehani.

Maadui ndio usiseme. Punda wa mtaa wa Langoni, hapo Lamu, akijigonga kwenye kona mara moja, kesho anaikwepa. Hawa wanakuja palepale walipofia wenzao, wanasimama, wanangoja zamu yao. Bunduki ziko kumi na nne, unazijua kwa majina kuliko unavyojua majina ya walimu wa Rukia, na zote zinatoa mwanga uleule, huu wa buluu, huu wa kijani. Na lile zimwi la sayari ya tatu, kubwa kama nyumba ya ghorofa tatu, limetiwa doa jekundu mgongoni ili hata kipofu ajue pa kulipiga. Aliyelitengeneza alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Halafu milango. Kila mlango ni teke! Siku ya kwanza tulipocheza nilisimama mlangoni, nikapiga hodi kwa mazoea tu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mwanaesha, humo mna majini ya chuma, wampigia nani hodi?" Nikakwambia hata jini hupigiwa hodi, mara tatu, asipojibu unarudi zako. Ukacheka tena. Kusema kweli siku ile nilifurahi sana, maana kicheko chako nilikuwa sijakisikia kwa miezi.

Mazuri yapo, sitalidhulumu. Mchanga wa ile sayari ya tatu unapeperuka vizuri, na rangi yake ni ya uzi wa zari, Mwenyezi Mungu amempa kipaji aliyeupaka. Upepo wake nao unasikika kama upepo kweli. Nimewahi kusimama pale bila kupiga risasi, nikitazama tu, nawe ukinipigia kelele kwamba tunachelewa. Tunachelewa wapi, Shee? Ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya kupumzika.

Zuri jingine ndilo lililoniandikisha barua hii. Ijumaa ile tulipokuwa sayari ya nne, nilianguka. Kanuni waijua kuliko mimi. Mtu akianguka hafi papo hapo. Duara jeupe hutokea juu yake, likawa linapungua kidogo kidogo, na mwenzake akirudi akampigia magoti kabla halijaisha, huinuka. Nikakuita, "Shee, nimeanguka." Ukasema, "Nakuya." Nikakuita tena. Ukasema, "Nakuya, hapa pana kasha." Nikakuita mara ya tatu, hukunijibu. Nilisikia tu, "Mashallah, ya dhahabu!"

Lau gemu lingenionyesha kwa macho yangu mwenyewe, ningeona mbingu tu, nikajidanganya kwamba uko ndiani unakuja. Lakini hili linaonyesha kwa nyuma na kwa juu. Nilijiona nimelala kifudifudi. Nikakuona na wewe, hatua kumi hazifiki, umenipa kisogo, unachagua bunduki. Nilikutazama mpaka duara likaisha. "Si kitu," ukasema, "utaanza tena."

Ijumaa iliyofuata nilicheza peke yangu, kwa ukaidi tu. Nikaanguka palepale. Akatokea mchezaji mwingine wa mtandaoni, sijui mwanamume, sijui mwanamke, sijui wa nti gani. Akarudi mbio katikati ya risasi, akapiga magoti, akaniinua, akaenda zake. Nililia, Shee. Zuhura, yule Mpemba ninayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Wadhani wewe ndiwe uliyenishawishi kununua mashine hii ya gemu, kwa maneno yako matamu, "Wenzetu hupigiana simu, sisi tutatembea pamoja." Sivyo. Wakumbuka mwezi wa Shaabani, siku niliyokupigia simu mara tatu? Mbili hukushika. Ya tatu ukashika, ukasema, "Niko vitani, nitakupigia." Nilikuwa hospitali, nimeshavalishwa nguo ya kuingilia chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimeniharibikia. Nilitaka kusikia ukinisomea dua, basi, sikutaka kingine. Karatasi ya daktari nilitia sahihi peke yangu. Ulinipigia baada ya siku mbili. Ukauliza mbona sauti yangu nyonge, nikakwambia mafua. Ukasema pole, kisha ukanihadithia bunduki mpya kwa muda mrefu, nami nimeshika mshono wa tumbo nisikohoe.

Nilipotoka ndipo nikanunua mashine. Nikasema, kama mume wangu hatoki humo, nitamfuata humohumo. Nikakufuata mpaka sayari ya nne, na huko pia nikakuta kisogo.

Nakupenda, mume wangu, nisikufiche. Ningekuwa sikupendi ningetia sahihi, nikakaa hapa miaka miwili nikishona kola za watu, nawe ukanihadithia bunduki. Lakini sahihi sikutia, na Jumapili nitamwambia mwenye karakana anitafutie mwingine. Mwisho wa mwezi nitakuwa Lamu, inshallah.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya goti nakuja nayo mwenyewe. Nisalimie ami yako wa Matondoni, fundi wa vyombo vya baharini, aliyenisimamia kama baba siku nilipoondoka. Nisalimie mwalimu wa Rukia wa chuo cha Kurani, jina lake ni Bi Khadija, kama hukuwahi kuliuliza. Rukia mbusu kwenye pengo lake. Mama ananiambia siku hizi mtoto hataki kukaa na wewe sebuleni kwa sababu ya milipuko. Barua hii nimempa Bwana Athman, muuza vitambaa anayekuja huko Lamu, nimemwambia akutie mkononi na angoje mpaka uikunjue.

Usije kunipokea jetini, boti ikifunga gati. Nitakuja mwenyewe na mkoba wangu mpaka mlangoni. Nyumba wajua ni ya nani. Babangu alinipa siku ya arusi, kama watu wa Lamu wanavyowapa binti zao, nawe ukaja na sanduku lako, tukakupokea kwa heshima. Ufunguo wangu ninao, haujatoka mkobani tangu nilipoondoka. Lakini sitautumia. Nitapiga hodi, na nitapiga mara tatu tu. Kama utainuka, ukaweka hicho kidude chini, ukaja kunifungulia, basi tutaongea kama watu na yaliyopita nitayasamehe. Mgeni asipojibiwa hodi ya tatu hurudi alikotoka. Mimi si mgeni. Nitafungua kwa ufunguo wangu, na sanduku lako utalikuta barazani.

Mimi mkeo mpaka hodi ya tatu,
Mwanaesha