Sweta ya Mama

Jumanne, Agosti 1996

Nimemdanganya kaka Salim kwenye simu. Aliuliza kama marehemu mama aliivaa ile sweta ya kashmiri, sufu laini ya mbuzi, aliyomletea kutoka Ulaya. Nikajibu, "Aliivaa mpaka siku ya mwisho."

Si kweli. Ilifuliwa mara mbili tu, ikatoa vinundu, ikachanika kiwikoni. Leo nimempelekea Bi Zuhura, mfumaji wa hapa Mji wa Kale. Akavuta uzi, ukakatika.

"Nywele fupi hizi, mwanangu. Zimelainishwa zipendeze dukani. Kashmiri njema ina nywele ndefu, zinashikana."

Maskini Salim, hakujua. Mama aliniusia, "Usimwambie, utamvunja moyo." Alifariki akitetemeka kwa homa, amejifunika leso zangu mbili.