Kumwombea Mwenye Faili

Mama Mkubwa wangu,

Leo nimepika muhogo wa nazi hapa Ilford, ukaniungulia chini, na hakukuwa na mtu wa kunisema. Ndiyo nikakaa kukuandikia. Watu watasema aliyekufa hasomi barua. Na waseme, mimi naongea na wewe.

Mama yangu alipofariki uliacha nyumba yako Unguja ukaja London kunilea, na viza yako ilipokwisha hukuniacha. Nilipoingia chuo kusoma historia ya Waingereza, ulikuwa mwanafunzi mwenzangu pale jikoni. Wewe unasukuma chapati, mimi nakutafsiria maombi ya watu wa karne ya kumi na saba: mfungwa anayeomba atolewe, mjane wa askari, kijiji kizima kinawalilia mahakimu daraja litengenezwe. Nilipokwambia kuna wanawake walipeleka ombi lao Bungeni wakaambiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Alaa! Na kama vyombo nshaosha?"

Ila kuna mjane mmoja hukumcheka. Zama zile sheria iliwapa wakubwa wa kijiji ruhusa ya kumrudisha masikini alikotoka, na yeye aliwaomba mahakimu wamwache alipo, kwa kuwa wanawe wamekulia hapo. "Wakamwacha?" uliniuliza. Nikasema jibu halikuhifadhiwa. "Basi mimi nasema walimwacha," ukageuza chapati yako.

Halafu ikaja barua yako wewe, kutoka uhamiaji: huna haki ya kukaa, fungasha. Wakili akatushauri tumwandikie ombi ofisa mwenye faili, majirani watie sahihi. Nikaliandika kwa Kiingereza, mtindo wa wale wa kale ukaniingia humo humo, kisha nikakusomea kwa Kiswahili. Sikufika mbali.

"Mwombaji wako mnyenyekevu..."

"Nani mwombaji?" Mwiko ukauweka chini. "Mimi? Tangu nije nchi hii sijagonga mlango wa mtu kuomba hata chumvi, leo mtoto niliyemlea mwenyewe ananiandika ombaomba!"

Nikakuapia kwamba hata matajiri wenye mashamba yao walimwandikia mfalme hivyo hivyo. Hukutaka kusikia. Ulininunia mpaka nilipokusomea mwisho, wanavyomalizia wao: na mwombaji wako atakuombea dua daima. Hapo uso ukalainika. "Kumbe na yeye anapewa kitu. Hapo sawa. Lete kalamu."

Yule Muhindi wa duka la kona, mzaliwa wa Tanga, ndiye wa kwanza kutia sahihi. "Dada, ukiondoka wewe mimi nitagombana na nani bei ya muhogo?" Akamwita na mkewe, akawaita na wateja waliokuwa kwenye foleni. Tulirudi nyumbani karatasi zimejaa, na wewe, badala ya kufurahi, ukaniuliza, "Huyo bwana anaitwa nani?"

"Bwana gani?"

"Wa kuombewa. Ushanitolea ahadi, au ulikuwa unapamba barua tu?"

Jina lake hatukulijua. Basi kila ukimaliza sala ya alfajiri nikawa nakusikia unamwombea "mwenye faili langu": afya yake, riziki yake, na meno yasimuume. Mimi ndani ya blanketi nacheka. Nilijipa moyo kwamba utabaki, dua zote zile! Na huku naogopa, Mama Mkubwa, naogopa vibaya sana, maana sikuwa na mtu mwingine.

Jibu likawa hapana.

Kule uwanja wa ndege ulinifunga skafu shingoni utadhani msafiri ni mimi. Ukaniambia nisikae na njaa, nisilale na dirisha wazi. Wewe hukulia. Nililia mimi, nikalia mpaka watu wakatugeukia.

Miaka ikapita tunaishi kwa simu, na zile kadi za kukwangua zinazokata pale pale utamu unapokolea. Siku moja nikakuuliza kwa hasira kama yule mtu bado unamwombea.

"Bado."

"Baada ya alichotufanyia?"

"We mtoto, hukuandika 'akikubali'. Uliandika 'daima'."

Tukazungumza habari za mvua.

Mwezi uliopita Mola alikuchukua, ukazikwa kabla sijapata ndege. Tangu siku hiyo nikimaliza kusali namfikiria mtu yule. Yuko mahali humu humu London, huenda ameshastaafu. Hajui kwamba alikuwa akiombewa, wala hajui kwamba dua yake imekatika. Nami ndiye niliyeiandika ile ahadi. Nafungua viganja, nasema, "Mola, yule mwenye faili," na moyo unagoma. Nimejaribu, wallahi nimejaribu. Ni yeye aliyenifanya nikukose.

Leo asubuhi ndipo maneno yamenitoka. Nimemwombea asizeeke peke yake. Apate mtoto wa kumkalia karibu, amkande miguu, amsomee, nilivyotaka kukukalia wewe. Zaidi ya hapo machozi yamenizuia.

Lala kwa raha, mama yangu. Mola akupe makazi ambayo hakuna atakayekwambia uondoke.

Mimi mwanao,
uliyemlea