Inazima, Inawaka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshikwa na Kibonge, anaota jino na hataki kuwekwa chini. Vipi goti lako? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Huku sote wazima, mgonjwa alikuwa kompyuta.

Ile uliyoniletea kutoka ofisini kwenu walipobadilisha za zamani, dada, nusura initoe roho. Unajua nilivyoitegemea. Mwalimu mkuu wa chekechea aliniahidi kwamba nikimchapia kitabu cha mazoezi cha watoto kikatoka safi, kazi zake zote za kuchapa zitakuwa zangu, nizifanyie hapa hapa nyumbani. Nikishindwa, narudi kiwandani kufunga biskuti, na Kibonge ataachiwa chupa tangu alfajiri. Kila akinyonya huku amenishika kidole, moyo unasema kiwandani sirudi.

Basi nakaa, nachapa. Nikifika ule ukurasa wa kuunganisha vitone, feni ya ndani inaanza kukoroma, kioo kinakuwa cheusi, puu. Kisha inawaka yenyewe na kunikaribisha upya, utadhani haijamkosea mtu. Nilichoandika hakipo. Naanza tena, inazima tena. Siku moja nililia, Kibonge naye akalia, tukawa kwaya.

Baba Kibonge akasema ni umeme, akaleta stabilaiza nzito kama tofali. Ikazima. Akasema basi ni soketi, tukahamisha meza mpaka upande wa dirishani. Ikazima. Mwisho akasema kosa ni langu, nabonyeza kama natwanga. Nikamwambia akae yeye, abonyeze kama anayepapasa. Akakaa, ikamzimikia katikati ya neno.

Nikaibeba kwa fundi, yule wa karibu na soko wanayemwita Daktari. Akasema ni virusi, akafuta kila kitu na kuiwekea programu upya. Kwake ilishinda inawaka, inampigia miziki. Nikairudisha nyumbani, puu. Nikampelekea tena, ikashinda inawaka tena. Akaniambia shemeji, mashine hii haina ugonjwa, ina chuki na nyumba yako. Wateja wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilirudi nayo kichwani, uso umenishuka.

Tofauti ya kwa fundi na nyumbani ilikuwa moja tu, nami nilichelewa kuiona kwa sababu sikutaka kuiona. Kwa fundi ilikaa uchi.

Unamjua mama mkwe, hakuna kitu anachokiacha bila kitambaa: redio, makochi, hata chupa ya chai. Kompyuta ilipofika, aliipima kwa kamba bila kusema neno, akalifumia lile boksi lenye feni vazi zima la uzi mzito, likalibana mbele na nyuma kama sweta la mtoto, likaacha tundu la kitufe tu. Siku alipoivalisha, aliniita "mwanangu". Dada, tangu niolewe nilikuwa "mke wa mwanangu", nikibahatika "Mama Kibonge". Nilikwenda jikoni nikajifanya nakata vitunguu.

Baada ya ile aibu ya kwa fundi, ilipozima tena niliweka mkono juu ya lile vazi. Lilikuwa la moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Nyuma, pale mashine inapotolea joto, uzi umeziba kabisa. Nikalivua, nikachapa mpaka Kibonge akaamka, haikuzima. Lakini niliposikia kandambili za mama mkwe mlangoni, nililirudisha upesi. Ikawa ndiyo desturi yangu: akitoka nalivua, akirudi naivalisha, ikizima naanza upya.

Na hili ndilo linalonikaba. Alipowaambia majirani kwamba dada yangu amenitupia takataka za ofisini, nilikuwepo, nikanyamaza. Ulinisaidia kwa moyo mweupe, nami nikakuacha usemwe. Nisamehe. Niliogopa kunyang'anywa lile neno moja.

Jana mwalimu mkuu akatuma ujumbe kwamba anakitaka kitabu ifikapo leo asubuhi, bila hivyo atampa mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale anachambua mboga. Nikalivua vazi mbele yake, nikalikunja vizuri, nikamweleza yote, hata lile la wewe kusemwa. Aliendelea kuchambua. Halafu akaniuliza, kama lingefumwa na mama yangu mzazi, ningekaa kimya hivyo? Nikasema hapana, ningemwambia papo hapo, tena kwa kelele. Akasema basi mimi na yeye bado tunakaribishana tu kama wageni. Akainuka na sinia lake, akatoka.

Nilibaki naona herufi zinaelea. Mara akarudi, akamtwaa Kibonge mapajani pangu, akamfunga mgongoni, akaniambia nichape niache kutoa macho, na kazi hiyo ikinipita nisithubutu kumlilia yeye, mpumbavu mkubwa mimi. Dada, hajawahi kunifokea hata siku moja. Hivyo huwa anamfokea mwanawe tu, yule aliyemzaa.

Nilichapa mpaka ukurasa wa mwisho. Kitabu kimekwenda asubuhi ya leo, jibu bado, ila moyo wangu umetulia.

Mama mkwe anakusalimu, na anasema mashine yako haina kosa. Baba Kibonge naye hajambo, anatafuta wa kumuuzia stabilaiza. Wasalimie shemeji na watoto, na ukijaliwa njoo umwone Kibonge kabla jino halijatoka.

Wako kitindamimba,
Mama Kibonge