Maelezo Kuhusu Chumba cha Baridi Kilichoachwa Mbele ya Firewall

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Naivasha

Jina: Bethwel Kipketer. Umri: miaka 21. Kazi: fundi wa mtandao (shule niliachia Form Two, lakini afande andika fundi). Makazi: Mai Mahiu.

Nimekuja kwa miguu yangu, sijakamatwa. Mathe Njoki, mfanyakazi wa shamba la maua huko Ndabibi, yuko seli kwa kuzima chumba cha baridi cha shamba, waridi zikaoza. Hakuzima.

Mnamo tarehe 4 Machi mwaka huu, asubuhi, mimi na bosi wangu Muturi tulienda kufunga firewall pale shambani. Hicho ni kisanduku kinachokaa kati ya intaneti na mashine, kama soja wa geti. Shamba lilinunua anwani za intaneti za hadharani, kila mashine na yake, na firewall ilitakiwa izipitishe vile zilivyo bila kuzibadilisha. Hiyo inawezekana. Nilimwambia, "Boss, pigia watu wa intaneti waelekeze anwani kwa firewall yetu, ama hazitafika." Akasema, "Wewe wa Form Two, vuta waya."

Kufika saa nane mchana anwani zilikuwa bado hazipiti. Badala ya kupiga simu, Muturi alichomoa waya wa chumba cha baridi nyuma ya firewall, akauchomeka mbele yake, uso kwa uso na dunia yote. Mtandao ukashika. Nikamuuliza, "Na soja sasa analinda nani?" Akacheka. "Taa zinawaka. Mwenye shamba akiona taa, amelala." Hata password ya mashine ya chumba aliacha ile ya kiwandani. Mimi najua kujisifu, lakini uchafu kama huo siwezi kuuwekea jina langu.

Jana chumba kilizimika Njoki akiwa zamu. Muturi alikuja, akanywa chai ya huyo mama, akarudisha kikombe, kisha akamwambia meneja, "Ni huyu aligusa swichi." Nilitema mate pale pale.

Konstebo Khaemba ameniuliza nitathibitishaje. Nimemwambia, "Toa simu yako, afande, si yangu, usije ukasema nimekuroga." Nimempa anwani ya chumba na ile password, aone swichi yake ikitokea kwa simu ya mtu yeyote. Nimemwomba aangalie tu, asibonyeze kitu.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi: B. Kipketer

Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali ni sawa. Nimefungua anwani kwa simu yangu hapa ofisini. Nimebonyeza. Chumba kimezimika. Nimempigia meneja akiwashe upesi, na nimeagiza Njoki atolewe seli. Muturi aletwe.
Konstebo Khaemba