Maana ya Kusitisha

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini homa ya mtoto imeshuka. Mimi mzima wa mwili, ila moyo ndio unaonisumbua. Mama anakusalimu. Bado anawatambia majirani kwamba wanawe wote ni walimu, kana kwamba mshahara wetu hawaujui.

Hukumu ya kesi ya serikali dhidi yetu imetoka leo. Chama chetu cha walimu hakikufutwa. Ofisini wenzangu walininyanyua juu juu wakiimba "Mama Chaki", jina ulilonibandika wewe enzi zile nafundisha huku nagawa kadi za uanachama, kabla sijawa katibu mkuu. Sikuweza kuimba nao.

Mahakama ilikuwa imetuamuru tumalize mgomo, nami nikatangaza kwamba umesitishwa. Shule zote zikarudi darasani. Mazungumzo na serikali yalipovunjika, shule yako peke yake iligoma tena ukiiongoza wewe, maana ulielewa kwamba tulikuwa tumetua mzigo kwa muda tu. Wengine walielewa kwamba yamekwisha, au walijifanya kuelewa hivyo. Walikuwa wamechoka, siwalaumu.

Kizimbani wakili wa serikali aliniuliza kusitisha maana yake nini. Akaongeza kwamba mwalimu wa Kiswahili hawezi kukosa jibu, watu wakacheka. Ningesema tuliahirisha, tungekuwa tumeidharau amri na chama kingefutwa. Ningesema tulimaliza, basi ninyi mligoma kivyenu, bila chama nyuma yenu.

Nilijibu kwamba kusitisha ni kumaliza kabisa. Nilikuwa nimeapa, na nilijua nasema uongo. Kwa jibu hilo wewe na wenzako mmefukuzwa kazi. Barua zenu zinakuja wiki hii, na sikutaka uipate yako kabla hujasikia kwangu.

Nasikia wenzako wanakulaumu kwamba ulilisoma tangazo vibaya. Waambie ulilisoma sawasawa. Nilichagua neno lile makusudi kwa kuwa lina milango miwili, nikajiona nimewazidi wakubwa ujanja. Wewe ulipita mlango niliokufungulia, kisha nikaufunga ukiwa ndani. Nina aibu, mdogo wangu, na sijui niiweke wapi.

Ukitaka, mpelekee wakili wenu barua hii. Huenda mkarudi kazini. Chama kitakufa, nami nitafungwa, lakini sitakunung'unikia. Nimeandika kwa mkono wangu ili asiwepo wa kubisha.

Mpe pole wifi, na watoto wabusu. Mama sijamwambia.

Ni mimi dada yako,
Mama Chaki